Siku Shemeji Yangu Alipokuwa Kamanda wa Sayari ya Chumvi

Wacha niwaambie mimi mwenyewe, kwa sababu huko nje kisa hiki kinasimuliwa na watu ambao hata hawakuwa ukumbini, na kila anayekisimulia ananiongezea kosa (juzi nimesikia eti nilimvika mbuzi mzima nguo za angani, na hiyo si kweli, mbuzi alikuwa mguu mmoja tu na hakuwa amevaa chochote). Aibu niliyoipata mimi Mama Sheila, wa duka la muvi pale mtaa wa Mowlem, inatosha jinsi ilivyo, haihitaji kuongezewa. Mwezi mzima nilikuwa naenda kununua mboga ya sukuma mitaa mitatu kutoka kwangu, kwa watu wasionijua, na hata huko mama mmoja aliniangalia, akaniangalia tena, akauliza kama si mimi yule mwanamke wa wigi.

Kazi yangu ni kuuza sinema. Unakuja na flashi yako, unaniambia unataka ya vita au ya mapenzi au ya watu wa kuruka ukuta, nakuwekea, unaenda. Wikendi napiga video za harusi na matanga, na hizo nazihariri mwenyewe kwenye kompyuta ya dukani, kwa hiyo kukata na kuunga nakujua vizuri, hata bwana harusi akipiga chafya wakati wa kiapo mimi naitoa na hakuna atakayejua. Huo ujuzi ndio ulionimaliza.

Sasa kuna sinema moja ya zamani sana, Sayari ya Chumvi, ya watu watano wanaosafiri angani mpaka chombo chao kinaharibika juu ya sayari nyeupe yote, chumvi tupu. Watu wazima wa huku kwetu Eastlands wengi wanaijua kwa sababu zamani ilikuwa inaonyeshwa kwenye kumbi za mitaa, na waliyoipenda hasa ni vile ilivyotengenezwa kimaskini, chombo chenyewe kinafanana na birika, na ukikodoa macho unaona uzi unaokining'iniza. Basi juzi juzi wenye sinema wakaitoa upya, ya watu kuangalia nyumbani, wameisafisha rangi, wameufuta uzi, wametia wadudu wa kompyuta pale ambapo zamani palikuwa na upepo tu, na muziki mpya wa ngoma nzito. Nikaiweka dukani nikidhani nimepata mali.

Kumbe nimeleta vita. Kinyozi jirani yangu, ambaye ni kijana, aliipenda, alisema ule uzi ulikuwa aibu, mtu mzima hawezi kuogopa birika. Wateja wa rika lake wakamuunga mkono. Lakini wazee walikuwa wanarudi mmoja mmoja na sura za watu waliouziwa unga wenye mawe, huyu anauliza wadudu wametoka wapi, huyu anasema kamanda zamani alikuwa mwembamba, kana kwamba ni mimi niliyemnenepesha. Na aliyekuja kwa uchungu kuliko wote alikuwa Mzee Gichuki.

Mzee Gichuki alikuwa mchomeleaji vyuma kule viwandani mpaka akastaafu, na ni mtu wa koti na kofia hata jua likiwaka namna gani, na ni mpole, hajawahi kuinua sauti dukani kwangu. Alikuja siku hiyo, akangoja wateja wote waishe, akaweka flashi yake mezani taratibu kama mtu anayerudisha sahani iliyovunjika.

"Mama Sheila," akaniambia, "hii sinema imeng'olewa jino."

Nikamuuliza jino gani. Ndipo akanieleza kwamba kabla chombo hakijashika moto kulikuwa na kipande kimoja kirefu ambacho watu wote watano wanakula chakula chao cha mwisho, na kamanda anagawa mkate uliobaki, na wakati wa kujigawia yeye anampa fundi wa mitambo, ambaye ni mwanamke, na yule mwanamke anaukata katikati anamrudishia nusu. Hapo hakuna anayesema neno. Mzee aliiona mara ya kwanza katika ukumbi mmoja kule Makadara akiwa kijana, ameketi kando ya msichana mmoja anayeitwa Wangari ambaye hawakuwa wamezoeana, na mkate ulipokatwa pale mbele, Wangari akafungua mkoba wake, akatoa andazi, akalikata, akampa nusu bila kumwangalia. Mzee akamwoa. Wakaishi pamoja mpaka alipofariki, mwaka juzi. Na sasa Mzee ameweka sinema usiku apate kumkumbuka mke wake, na imetoka kwenye dhoruba ikaruka moja kwa moja hadi motoni, hakuna mkate, hakuna chochote.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na ilikuwa kosa dogo, la maneno machache tu. Kulikuwa na wateja wawili wameingia, na mimi nilitaka Mzee aende akiwa na amani, nikamwambia asijali, hiyo ni ile iliyohaririwa upya, ile ya zamani yenyewe ninayo nyumbani, nitamletea.

Sikuwa nayo. Sijawahi kuwa nayo. Nilidhani atasahau, vile watu husahau. Kesho yake saa tatu asubuhi alikuwa mlangoni amevua kofia. Kesho kutwa vilevile. Hakuwa ananisumbua, alikuwa anauliza tu kama nimekumbuka, nikisema nimesahau anasema si kitu, watoto wanachosha, anaketi kidogo anapumzisha miguu, anaenda zake. Afadhali angenifokea.

Na msidhani sikujaribu. Niliitafuta ile ya zamani kwenye mtandao mpaka macho yakaniuma, na nilichokuta ni watu wa dunia nzima wanagombana. Kuna aliyeandika kwamba kuufuta uzi ni sawa na kumnyoa babu yako akiwa amelala. Kuna aliyemjibu kwamba anayelilia uzi akanunue uzi dukani. Kuna watu wawili waliokuwa wametukanana tangu mwanzo wa mwaka kuhusu ndevu za kamanda, kama alikuwa nazo au ni kivuli. Na kuhusu kile kipande cha chakula, wengine waliapa wamekiona, wengine wakaapa hakijawahi kuwepo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa nacho. Nikafunga kompyuta nikakaa, nikajiambia (na nilijiambia kwa sauti, kinyozi alinisikia) kwamba kama hakipo duniani, basi si nikitengeneze.

Nina dada yangu mkubwa, Nafula, na mume wake ni Barasa, ambaye ana bucha pale Soko la Burma. Barasa ni mtu mkubwa mwenye kifua na uso wa heshima, na hicho ndicho nilichokitaka, lakini zaidi nilikuwa nataka friji lake, lile kubwa la kuingia mtu mzima, la kuhifadhia nyama, kwa sababu kuta zake ni za bati linalong'aa na taa yake ni nyeupe ya baridi, ukisimama ndani na ukasahau harufu, uko angani. Nikamweleza Barasa kwamba ni kumfurahisha mzee mjane. Akakataa. Nikamwambia ni kamanda. Akauliza kamanda anavaa nini.

Tulipiga video siku ya Jumatatu, wakati biashara ya nyama imelala. Wafanyakazi wawili wa Barasa walikuwa abiria, wameketi wametupa mgongo. Ovaroli nilizipaka rangi ya fedha. Mabegani mwa kamanda palihitaji alama za cheo, na mimi nikakumbuka vitambaa vya kochi vya dada yangu, vile alivyofuma kwa mkono wake mwenyewe, vyenye maua katikati, nikamwambia Barasa aje navyo viwili bila kelele, tukavigeuza kidogo, tukavibana na pini, na mnipe haki yangu, vilipendeza. Fundi wa mitambo nilikuwa mimi mwenyewe kwa sababu sikuwa na mtu mwingine, nikaketi ubavu kamera isinione uso wote, nikavaa wigi jekundu la harusi moja niliyokuwa nimepiga (mwenyewe hakurudi kulichukua, hiyo ni hadithi nyingine). Nyama zote tulizihamisha isipokuwa mguu mmoja wa mbuzi ambao ndoano yake ilikuwa imekwama, nikaona uko pembeni, kwenye giza, nani atauangalia.

Shida yangu ilikuwa Barasa. Alikuwa amenipa sharti kwamba uso wake usionekane kamwe, kwa sababu yeye ni mzee wa kanisa, lakini kamera ilipowaka kila baada ya muda mfupi alikuwa anageuka anaitazama kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Na mkate tulisahau. Tulitumia chapati, na Barasa, ambaye alipaswa kuigawa kwa huzuni, mara ya kwanza aliila, ikabidi mtu atumwe kununua nyingine. Lakini baridi ilikuwa kali, pumzi zetu zilikuwa zinatoka kama moshi, meno yanagongana, na mara ya mwisho aliponyoosha mkono na ile chapati nikaikata nikamrudishia nusu, wallahi mimi mwenyewe nilisikia kitu kifuani. Dukani nikaondoa sauti zote, nikaacha mngurumo wa friji tu, nikafifisha rangi, nikatia mikwaruzo ya kanda kuukuu, nikaunga kile kipande kati ya dhoruba na moto. Huwezi kujua. Namaanisha, ukiwa hujui, huwezi kujua.

Mzee Gichuki aliangalia dukani, mgongo umenyooka. Kilipokwisha akaniomba nirudishe nyuma. Akaangalia tena. Akaomba mara ya tatu. Halafu akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu, akanishukuru kwa sauti ndogo, akavaa kofia, akaenda. Mimi nilibaki nimejaa sifa. Niliona nimefanya jambo ambalo wenye sinema wenyewe wameshindwa kulifanya.

Yangeishia hapo. Lakini Mzee alimwambia jirani yake kanisani, na jirani akamwambia mtu anayeitwa Ombati, ambaye alikuwa mhadhiri zamani na sasa ni mwenyekiti wa chama kidogo cha wapenda sinema za kale, na watu wote wanamwita Profesa. Profesa Ombati alikuja dukani siku mbili baadaye akiwa na glavu nyeupe mfukoni, za kushikia kanda, kwa sababu alikuwa amekuja kushika kanda. Nikamwambia kanda iliharibika nilipokuwa naihamishia kwenye kompyuta. Akauliza niliitoa wapi. Nikamwambia kwa mjomba aliyekuwa akifanya kazi katika ukumbi wa sinema (mjomba wangu pekee ni fundi viatu kule Webuye). Nikamwonyesha. Yule mtu alishika ukingo wa meza yangu. Akasema miaka na miaka amekuwa akiwaandikia watu wa ng'ambo kwamba kipande hicho kilikuwepo, na walimwita mzushi.

Ningesema hapo, yangeisha. Nilifungua mdomo hata. Lakini Mzee Gichuki alikuwa ameingia nyuma yake, amesimama ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na Profesa akageuka akamshika mkono akamwambia kumbukumbu yake imeokoa sinema nzima. Nikafunga mdomo. Kabla sijaufungua tena walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba sinema itaonyeshwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa, kwa watu wote, na mimi nitakuwa mgeni wa heshima.

Nilimpigia Barasa nikamsihi asije. Nilimwambia augue, asafiri, afanye lolote. Barasa akaja na suti mpya, na dada yangu Nafula pembeni yake, na wateja wake wa nyama choma nyuma, kwa sababu alikuwa amewaambia waje waangalie sinema nzuri, bila kusema zaidi (baadaye alijitetea kwamba yeye hakumwambia mtu yeyote kitu, alitaka tu kuona kama watamtambua). Akaketi safu ya mbele. Ukumbi ulijaa, kina mama wa kanisa na vikapu vyao upande huu, watu wa chama na tai zao upande ule, kinyozi wangu mlangoni na wenzake waliokuja kutetea wadudu wa kompyuta.

Profesa alianza kwa hotuba ndefu. Alisema anayehariri upya sinema ya watu anawaibia watu ujana wao. Alisema wamekata moyo wa hadithi wakatia ngoma na wadudu. Watu walimpigia makofi, mimi pia nilipiga, mikono ilikuwa inapiga yenyewe. Taa zikazimwa, sinema ikaanza, ikaja dhoruba, na mimi nikaanza kumwomba Mungu stima ipotee, picha ikatike, stima inayopotea kila siku nikihariri harusi, na siku hiyo stima ilikaa imara kama mlima.

Kipande kikaja. Barasa akatokea ukutani, ameketi, mkubwa kuliko nilivyokumbuka, mabega yana maua, ameshika chapati, pumzi inamtoka, akageuka akatutazama sote. Labda kingepita. Nawaambia kweli, kilikuwa kinapita, kulikuwa na mama mmoja ameanza kulia. Lakini Profesa alikuwa na furaha isiyobebeka peke yake, akainuka, akamwambia mwendesha projekta asimamishe picha palepale, akachukua kijiti, akaanza kutufundisha.

Akaonyesha moshi wa pumzi, akasema msanii wa siku hizi angeutengeneza kwa kompyuta, huyu mtengenezaji wa zamani aliwagandisha waigizaji wake kwa ajili ya ukweli. Akaonyesha macho ya kamanda. Akasema hayo ni macho ya mtu aliyeijua njaa, na Barasa, kule mbele, akaitikia kwa kichwa polepole. Halafu kijiti kikasogea pembeni, kwenye giza, kwenye kile kitu kinachoning'inia, na Profesa akasema hapa sasa kuna fumbo, yeye amelitafakari kwa siku tatu bila usingizi, na kwa maoni yake hiyo ni ishara ya mwenzao wa sita aliyekufa safarini.

Mtu mmoja kule nyuma, mteja wa Burma, akasema bila haraka, "Huo ni mguu wa mbuzi."

Profesa akatabasamu kama mwalimu, akasema sanaa humruhusu kila mtu maoni yake. Yule mtu akasema haya si maoni, muhuri wa mkaguzi wa nyama si huo hapo, wa zambarau, juu ya paja. Watu wakainama mbele kuangalia. Na ulikuwepo. Mimi niliyeondoa chafya za mabwana harusi, muhuri sikuuona.

Kinyozi akaanza kucheka, na kicheko kingeenea kikaishia hapo, lakini dada yangu Nafula alikuwa amesimama. Hakuwa anaangalia mbuzi. Alikuwa ametembea mpaka mbele, karibu kabisa na ukuta, picha inamwangukia mgongoni, akaweka kidole kwenye bega la kamanda.

"Hiki kitambaa ni changu," akasema.

Halafu akarudi nyuma hatua mbili, akaangalia uso wa kamanda, akageuka akaangalia uso wa mume wake, akaangalia tena ukutani, na hapo akaona kile ambacho ukumbi mzima ulikuwa umekiona kama mapenzi ya angani, yaani mume wake amefungiwa ndani ya friji lake mwenyewe na mwanamke mwenye nywele nyekundu, wanalishana chapati.

"Barasa. Huyu mwanamke ni nani?"

Barasa, mtu mzima, mzee wa kanisa, alisimama, na kwa vile aliogopa akajibu lile moja alilokuwa amefundishwa.

"Ni fundi wa mitambo," akasema.

Sina namna ya kuwaeleza sauti iliyotoka katika ukumbi ule. Kina mama walikuwa wanapigana mabega. Mtu alianguka kwenye benchi. Lakini Nafula hakucheka, alikuwa anavua pete, anaivua hivi kwa mate kwa sababu ilikuwa imebana, na mimi namjua dada yangu, hiyo pete ikitoka hairudi. Kwa hiyo nikasimama. Nikasema ni mimi. Hakuna aliyesikia, nikasema tena kwa sauti, nikatembea mpaka mbele, nikajikusanya nywele juu zikae kama za lile wigi, nikasimama kando ya picha yangu mwenyewe ili dada yangu alinganishe pua. Na nikiwa pale mbele, kwa sababu tayari nilikuwa nimeanza, nikasema yote, friji, chapati, mjomba, mikwaruzo, kila kitu, na nilipomaliza hakukuwa na anayecheka, isipokuwa kinyozi.

Profesa Ombati aliketi. Aliziangalia glavu zake, akazikunja, akazirudisha mfukoni. Nilimwomba msamaha, akaniambia kwa adabu kubwa kwamba atalazimika kuandika barua nyingi sana. Na wanachama wake wakaanza kubishana palepale, huyu anasema ni utapeli, yule anasema hata kama ni utapeli ni bora kuliko wadudu, na bibi mmoja mwenye miwani alinivuta kando akaniuliza kama nilipiga mengine ya ziada. Mchungaji alisimama kutafuta neno la kufaa, hakulipata, akauliza kama tunaendelea na sinema. Kina mama wakasema tuendelee, wameacha kazi zao, na wanataka kujua kama Barasa atapona kwenye moto. Nafula akaisukuma pete irudi kidoleni kabla haijatoka. Vitambaa hajanisamehe mpaka leo.

Lakini nilipoangalia kiti cha Mzee Gichuki kilikuwa kitupu.

Nilimkuta nje, ameketi kwenye ngazi za ukumbi, kofia juu ya goti. Nikaketi ngazi moja chini yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, ningeipokea yote. Nikamwambia Mzee, nilikudanganya, nilitaka tu ufurahi. Ndani ngoma mpya za sinema zilikuwa zinapiga, naye akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Akauliza, kwa hiyo katika ile ya kweli kamanda alikuwa amesimama. Nikamwambia sijui, Mzee, sijawahi kuiona. Akasema alikuwa amesimama. Na meza ilikuwa ya duara. Na mwanamke alikuwa na nywele fupi.

"Uliponiwekea ile yako, nikaona kamanda ameketi," akasema. "Nikaomba urudishe, bado ameketi. Mara ya tatu, ameketi. Nikajiambia, Gichuki, basi, kichwa kimeanza kwenda. Kama hilo nimelikosea, na la Wangari je? Pengine hata andazi halikuwepo. Nimelala na hilo siku zote hizi, mama. Nikifunga macho nimwone akifungua mkoba, naona yule muuza nyama wako."

Hapo ndipo aibu yenyewe iliponishika. Ile ya ukumbini ilikuwa ya watu, unaenda kununua sukuma mbali, inapoa. Hii haikuwa na pa kukimbilia. Nilikuwa nimekaa pale nimekasirikia watu wa mbali waliomkatia mzee kipande kimoja, na mimi ndiye niliyeingia ndani ya kichwa chake nikamwekea mtu mnene mwenye maua mabegani, mahali alipokuwa akimweka mke wake. Nikamwambia kumbukumbu yake haina kasoro, kasoro ni yangu. Akasema anashukuru kulisikia hilo. Sikumwona akifurahi.

Jumatatu nilikifuta kile kipande mbele yake, kompyuta ikauliza kama nina hakika, nikamwachia yeye abonyeze. Halafu, kwa sababu sikujua la kufanya lingine, nikamwomba anisimulie chake. Mwanzoni alisimulia kwa wasiwasi, anasimama katikati ya sentensi kama mtu anayekanyaga sakafu mbovu, kamanda amesimama, meza ya duara, halafu ananyamaza, nami najua nani ameingia. Akarudi kesho yake. Nikiwa na wateja anangoja, wakiondoka anaanza tena, na siku zilivyoenda yakaongezeka mambo, kiti kilichokuwa kinalia kwenye ukumbi wa Makadara, rangi ya mkoba, kwamba andazi lilikuwa la jana yake na Wangari aliona haya kwa hilo maisha yao yote. Kinyozi alikuwa akija kusikiliza huku ameshika mashine yake. Alisema yeye bado anapendelea wadudu, lakini hakuondoka.

Ilichukua kama wiki tano. Asubuhi moja Mzee akaingia, akavua kofia, akaketi, akasimulia mwanzo hadi mwisho bila kukatika mahali, mpaka nusu ya andazi ilipofika mkononi mwake. Akainamisha kichwa kidogo, kama anayechungulia chumba. Kisha akaniambia, kwa utaratibu wake uleule:

"Leo Barasa hakuja."

Nikageuka upande wa ukuta nikajifanya natafuta waya.

Kwa hiyo mkinipata dukani karibuni, nawawekea mtakacho, ya zamani au ya kuhaririwa, mkate wenyewe mtajitafutia. Harusi bado nahariri, na bwana harusi akipiga chafya sasa namwachia chafya yake. Na mtu akiniuliza kama nina kitu ambacho sina, namwambia sina. Ni neno fupi mno. Sijui siku ile lilinishinda vipi.